Bastola hununuliwa siku moja, shabaha hujengwa kwa miaka

Na Mwandishi Wetu, Kahama

KATIKA ukanda wa dhahabu unaoanzia Kahama mkoani Shinyanga hadi Geita, bastola si kitu cha ajabu. Mnunuzi wa dhahabu, mwenye makarasha au mfanyabiashara anayepeleka fedha taslimu machimboni Kakola, Nyarugusu au Mwakitolyo hujihisi salama zaidi akijua kwamba kiunoni ana silaha yenye leseni.

Swali ambalo wengi hawajiulizi ni kama mikono inayoimiliki silaha hiyo inaweza kuitumia bila kumdhuru asiyehusika. Leseni humpa mtu ruhusa ya kumiliki. Haimpi shabaha.

Jibu la swali hilo limekuwa likitafutwa kwa zaidi ya nusu karne katika mchezo ambao Watanzania wengi hawaujui: mashindano ya kulenga shabaha ya vitendo kwa bastola. Mchezo huu haujazoeleka katika ukanda huu, lakini yale uliyoyagundua kuhusu vifaa na ujuzi yanamhusu kila mwenye bastola, awe mwanamichezo au la.

Mchezo wenyewe

Tofauti na mchezo wa shabaha wa Olimpiki, ambako mshindani husimama mahali pamoja na kulenga duara dogo, katika mchezo huu mshindani hutembea, hukimbia, huchungulia dirishani na kupiga shabaha kadhaa zilizopangwa kwa umbali tofauti. Kila kituo huwa na mpango wake, na mshindani hujiamulia aanzie wapi na amalizie wapi.

Mizizi yake iko California, Marekani, katika miaka ya 1950, ambako Jeff Cooper, aliyekuwa ofisa wa kikosi cha majini cha nchi hiyo, aliandaa mashindano ya kutoa bastola na kupiga haraka. Mei 1976 wadau kutoka nchi mbalimbali walikutana Columbia, jimbo la Missouri, wakaunda shirikisho la kimataifa linalojulikana kwa kifupi kama IPSC. Cooper alikuwa rais wake wa kwanza.

Afrika haikuachwa nyuma. Mashindano ya dunia ya mwaka 1977 yalifanyika Salisbury, mji ambao sasa ni Harare. Mwaka 2002 yalifanyika Pietersburg, Afrika Kusini, na mwaka 2025 yakarejea nchini humo, safari hii Matlosana, eneo ambalo nalo limejengwa na machimbo ya dhahabu.

Hesabu ya alama na sekunde

Kinachoutofautisha mchezo huu na mingine ya shabaha ni namna ya kumpata mshindi. Shabaha ya karatasi ngumu imegawanywa katika maeneo matatu. Eneo la katikati lina alama 5. Kwa risasi zenye nguvu ya kawaida, eneo linalofuata lina alama 3 na la pembeni alama 1. Risasi inayokosa shabaha humwondolea mshindani alama 10.

Jumla ya alama hugawanywa kwa sekunde zilizotumika. Sekunde huhesabiwa na saa maalumu ambayo hutoa mlio wa kuanzia, kisha hunasa sauti ya kila risasi hadi ya mwisho.

Tuchukue mfano wa washindani watatu kwenye kituo chenye shabaha 6, kila moja ikitakiwa kupigwa risasi 2. Wa kwanza anapiga zote 12 katikati, anapata alama 60, lakini anatumia sekunde 12. Kipimo chake ni 5.

Wa pili ana haraka. Anamaliza kwa sekunde 8, risasi 8 zikiwa katikati, 2 kwenye eneo la pili na 2 zikikosa kabisa. Anapata alama 46, anakatwa 20, anabaki na 26. Kipimo chake ni 3.25.

Wa tatu anatumia sekunde 9, anapiga 9 katikati na 3 kwenye eneo la pili. Ana alama 54, kipimo chake ni 6, naye ndiye mshindi. Hesabu hiyo haimpi nafasi mwenye haraka asiyelenga, wala mwenye kulenga asiyejua wakati.

Aidha, katika baadhi ya vituo huwekwa shabaha za kumwakilisha mtu asiye na hatia, zikiwa zimesimama karibu na zile zinazotakiwa kupigwa au zikizifunika kwa sehemu. Risasi inayoipata shabaha hiyo pia humkata mshindani alama 10. Kabla ya kufyatua, kwa hiyo, anatakiwa kutambua kile anachokilenga.

Vifaa vya lazima

Anayeanza haitaji bastola ya gharama kubwa. Lipo kundi la bastola za kawaida kama zilivyotoka kiwandani, ambalo hukataza darubini na vifaa vya kupunguza teke la silaha, na huruhusu risasi zisizozidi 15 katika magazini. Wengi hutumia bastola za milimita 9 katika kundi hili.

Mbali na bastola yenyewe, kifaa kinachopaswa kuangaliwa kwa makini ni kikoba cha mkandani. Kinatakiwa kiwe kigumu, kifunike kabisa sehemu ya kifyatulio, kiishike bastola isidondoke mtu akikimbia, na mdomo wake ubaki wazi hata silaha ikiwa imetolewa. Kikoba laini kinachojikunja humlazimisha mtu kutumia mkono wa pili kurudisha bastola, na hapo ndipo mtutu hugeukia kiganja chake mwenyewe.

Mkanda nao huwa mgumu ili kikoba kisichezecheze. Hufuata magazini za akiba na vifuko vyake, miwani ya kinga na viziba masikio. Mlio wa bastola hufikia desibeli 150 na zaidi, kiwango kinachoweza kuharibu usikivu moja kwa moja, na uharibifu huo hautibiki.

Risasi pia hupimwa. Ili kuzuia watu wasitumie risasi dhaifu zisizo na teke, waamuzi hupima kasi yake kwa mashine na kuilinganisha na uzito. Kwa mfano, risasi ya gramu 8 inatakiwa kutoka kwa kasi ya takriban mita 310 kwa sekunde ili ikubalike katika kundi la bastola za kawaida.

Ujuzi kwanza, chuma baadaye

Historia ya mchezo huu inaonyesha kwamba hatua kubwa ya kwanza haikutoka kwenye silaha mpya. Katika mashindano yale ya mwanzo ya California, wengi walipiga kwa mkono mmoja kutoka kiunoni, wakiamini kwamba kuinua bastola hadi usawa wa jicho ni kupoteza muda.

Jack Weaver, askari wa ofisi ya sherifu ya Los Angeles, alifanya kinyume. Aliishika bastola kwa mikono miwili, akaiinua hadi usawa wa jicho, akalenga ndipo akafyatua. Wakati wenzake wakirusha risasi nyingi zisizopata kitu, yeye alipata kwa chache, akawa akishinda. Mtindo wake ukaenea na hadi leo mkao huo hutajwa kwa jina lake.

Miaka ya 1980, Wamarekani Rob Leatham na Brian Enos waliuendeleza ujuzi huo kwa kusimama wakielekea shabaha mzima mzima, mikono yote miwili ikiwa imenyooshwa sawasawa mbele. Hapo tena kilichobadilika kilikuwa mwili, si bastola.

Vifaa navyo vilikuwa na zamu yake. Mwaka 1990 huko Adelaide, Australia, Doug Koenig alitwaa ubingwa wa dunia akitumia bastola yenye kioo cha nukta nyekundu, akiwa wa kwanza kufanya hivyo. Baadaye mchezo ukagawanywa katika makundi, ili mwenye vifaa vya kisasa ashindane na mwenye vifaa kama vyake.

Mgawanyo huo una maana kubwa kwa mtu wa kipato cha kawaida. Akishindwa na mwenye bastola kama yake, hana cha kusingizia.

Namna ujuzi unavyojengwa

Walimu wa mchezo huu huanza na mambo manne: kushika, kulenga, kufyatua na kutoa bastola kikobani. Kushika ni kuhakikisha mikono yote miwili imeifumbata silaha juu kabisa ya mpini, ili teke lake lisiutupe mtutu mbali. Kulenga ni kulinganisha alama ya mbele na ile ya nyuma. Kufyatua ni kuvuta kwa kidole kimoja bila kuitikisa mikono, na hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuwa mwili hujikaza kuusubiri mlio.

Sehemu kubwa ya mazoezi hayo hufanyika bila risasi hata moja. Mwenye silaha huondoa magazini, hukagua chemba kwa jicho na kwa kidole, hupeleka risasi zote chumba kingine, kisha hulenga ukuta imara usioweza kupenya risasi. Dakika 10 au 15 za zoezi hilo kila siku hufundisha kidole kuliko kwenda uwanjani mara moja kwa mwaka na kumaliza boksi zima la risasi.

Baada ya hapo ndipo hufuata uwanja wa shabaha wenye msimamizi. Mwanafunzi huanza polepole na kwa umbali mfupi, na kasi huongezwa pale tu risasi zinapotua mahali pamoja. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na katika mchezo huu usemi huo unaonekana kwenye karatasi yenye matundu.

Usalama hauna msamaha

Hakuna kosa la usalama linaloadhibiwa kwa kukatwa alama. Mtutu ukivuka nyuzi 90 kutoka uelekeo wa kingo ya udongo ya uwanja, mshindani hutolewa katika mashindano yote. Ndivyo ilivyo bastola ikidondoka wakati wa kushindana, au risasi ikitoka bila kukusudiwa. Anayeachia kidole kikae kwenye kifyatulio wakati akitembea au akibadili magazini hupata adhabu hiyo hiyo, hata kama ni bingwa wa dunia.

Mshindani hairuhusiwi kuijaza silaha risasi hadi mwamuzi amwamuru. Akimaliza huitoa risasi iliyobaki, humwonyesha mwamuzi chemba tupu, kisha huirudisha bastola kikobani. Muda mwingine wote, bastola za washindani wote uwanjani huwa tupu.

Somo la Nairobi

Jirani zetu wa Kenya wametutangulia. Viko vilabu vya wamiliki wa silaha wenye leseni, na uwanja wa Kirigiti katika Kaunti ya Kiambu umekuwa ukitumika kwa mashindano ya aina hii.

Septemba 21, 2013, magaidi waliposhambulia jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi na kuua watu wasiopungua 67, baadhi ya waliotangulia kuingia kuokoa watu walikuwa raia wenye leseni za bastola, wakishirikiana na polisi waliovaa kiraia. Miongoni mwao alikuwa Abdul Haji, ambaye baadaye alikuja kuwa seneta wa Garissa.

Hata hivyo, tukio hilo hilo lilionyesha upande wa pili. Iliripotiwa kwamba kamanda wa kikosi maalumu cha polisi aliuawa kwa risasi za askari wa jeshi katika mkanganyiko wa kutotambuana. Kama wataalamu waliofunzwa wanaweza kukosea namna hiyo, aliyeinunua bastola na kuifungia kabatini hana cha kujivunia.

Hali ilivyo ukanda wa dhahabu

Usukumani, suala la wananchi kubeba silaha kwa ajili ya ulinzi si geni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndipo Sungusungu walipoibuka maeneo ya Kahama, wakiwa na pinde na mishale, kupambana na wizi wa mifugo na ujambazi.

Mazingira yamebadilika tangu wakati huo. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 na wa Bulyanhulu mwaka 2001, miji ikapanuka na wachimbaji wadogo wakafurika. Kufunguliwa kwa soko la dhahabu Geita mwaka 2019 kuliweka sehemu rasmi ya kuuzia, lakini njia kati ya duara na soko bado inapita katikati ya watu.

Kwenye makazi ya wachimbaji, nyumba nyingi ni za mbao, turubai na mabati. Risasi ya milimita 9 hupenya vitu hivyo bila shida na kuingia chumba cha jirani. Risasi ambayo mchezoni ingemkata mtu alama 10, hapo inaweza kumpata mtoto aliyelala.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, imeweka umiliki chini ya usimamizi wa Jeshi la Polisi. Kwa hiyo mwenye leseni anayetaka kufanya mazoezi hana budi kuanzia kituo cha polisi, aulize ni uwanja gani unaoruhusiwa na nani wa kumsimamia. Kwenda porini na kufyatua kwenye mti si mazoezi; ni kuhatarisha wachungaji na wachimbaji waliotapakaa kila kona.

Kwa asiyeweza kufika uwanjani mara kwa mara, yapo mambo matatu yasiyohitaji uwanja: kununua kikoba kigumu kinachofunika kifyatulio, kukizoeza kidole kikae nje ya kifyatulio kila silaha inaposhikwa, na kufanya zoezi la bila risasi kwa kufuata hatua zote za ukaguzi. Asiyekuwa tayari kwa hayo matatu, fedha zake ni heri zipite benki na dhahabu yake isindikizwe na walinzi waliofunzwa.