Majini Waliovaa Suti: Tamthilia za Kikorea na Suali la Binti Yatima



Shukrani zote anastahiki Allah, Mola wa viumbe tunavyoviona na tusivyoviona, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Hivi karibuni tulisafiri kwa gari la moshi kutoka Miritini hadi Nairobi, kuwazuru jamaa zetu wa pwani waliohamia huko kwa ajili ya riziki. Ijumaa tuliswali katika Msikiti wa Jamia, ule ambao jengo lake la sasa lilikamilika mwaka 1933, na ambao hadi leo ndio mahali pa kukutania watu wa Mombasa, Lamu na Malindi walio ugenini. Baada ya swala tulishuka hadi barabara ya Luthuli kutafuta waya wa simu. Mbele ya maduka ya televisheni tulikuta vijana wamesimama, macho juu, wanatazama mtu mmoja mwenye kofia nyeusi akipita ukutani bila kufungua mlango. Tuliuliza ni nini hicho. Kijana mmoja akatujibu kwa adabu: "Ni tamthilia ya Kikorea, mzee. Huyo ndiye mtoa roho."

Tulicheka kimoyomoyo tukaendelea na safari yetu. Hatukujua kwamba mtoa roho huyo huyo alikuwa akitungoja Kawangware.

Nyumba tuliyofikia ni ya ndugu yetu wa ukoo, Allah amrehemu, aliyefariki mwaka jana. Alikuwa muuza mafuta mazuri na udi katikati ya jiji, na familia yake inaishi upande huo wa magharibi, pale ambapo nyumba za mabati za Kawangware zinatazamana kwa mbali na maghorofa ya Lavington. Ameacha mjane, mama yake mzazi aliye mzaliwa wa Lamu, na watoto watatu. Mkubwa wao ni binti aliye katika shule ya sekondari.

Hatujamaliza kunywa kahawa, mjane akatulalamikia. "Shemeji, nakuomba umkanye mwanao. Tangu baba yake afariki, hana ila haya mambo ya mizuka. Na mamangu mkwe naye badala ya kumkataza, ameketi naye!"

Tulimtazama bibi. Akajifunika ushungi vizuri, akasema: "Mwanangu, mimi sisomi yale maandishi ya chini. Mjukuu wangu ndiye anayenifasiria. Lakini nimeyatazama sana, nikaona hawa ni majini wetu hawa hawa. Wamevishwa suti tu."

Wasomaji wetu watukufu, tulikuwa na hotuba tayari ulimini. Tumewahi kuitoa mara nyingi juu ya mimbari, tukazikemea tamthilia hizi ilhali hatujapata kutazama hata moja. Usiku ule tuliona haya. Kadhi hahukumu kabla ya kusikiliza, na mwalimu hasahihishi daftari asilolifungua. Tukamwambia mjane: "Tupe ruhusa tutazame kwanza, kisha tutasema." Baada ya swala ya Isha tukaketi, bibi kwenye mkeka, binti karibu na skrini, nasi kwenye kiti cha marehemu.

Hadithi ya kwanza inaitwa Goblin, na ilianza kuonyeshwa Korea Kusini mwishoni mwa mwaka 2016. Jemadari wa zamani anauawa kwa amri ya mfalme wake mwenyewe, kisha anarudishwa akiwa kiumbe asiyekufa, na upanga umo kifuani mwake. Anaishi zaidi ya miaka mia tisa akimtafuta binti mmoja tu awezaye kuuchomoa upanga ule. Upangaji wa nyumba unamletea mkazi mwenzake, naye ni yule mtoa roho mwenye kofia nyeusi. Basi viumbe hawa wawili wa kutisha wanagombania chumba na chakula kama wake wenza. Mtoa roho, ambaye kila mtu anamwogopa, hakumbuki hata jina lake mwenyewe. Bibi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Yeye amekwisha mpa jina: "Ziraili wa Kofia."

Hatutaficha kwamba nasi tulicheka. Tamthilia hizi zina ustadi wa kuchanganya kicheko na kilio katika pumzi moja. Mara utaona mzuka anakula tambi, mara utaona mama aliyekufa anamwaga mwanawe, na moyo wako hauna nafasi ya kujitayarisha. Tulikumbuka utotoni mwetu Mombasa, tulipotoroka chuoni na kwenda kuchungulia picha za Kihindi pale Naaz, zile ambazo nyoka hugeuka mwanamwali akalipiza kisasi. Mwalimu wetu alitutia bakora, tena kwa haki, kwa sababu tulitoroka. Lakini bibi zetu walipotusimulia usiku habari za majini wa baharini, hakuna aliyewatia bakora wao. Masimulizi ya aina hii si mageni kwetu. Alfu Lela Ulela imejaa majini, na ngano za Unguja alizozikusanya Edward Steere na kuzichapisha mwaka 1870 zina wanyama wasemao na nunda mla watu.

Wala kutoka Mashariki ya Mbali hazikuanza kuja jana. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, na watu wakaipenda kwa kuwa ugomvi wa mkwe na mke wa mwana hauhitaji mkalimani. Hapa Nairobi, filamu za kupigana za Hong Kong zimetazamwa vibandani kwa miaka mingi, na mafundi wa maneno kama DJ Afro wakazisimulia upya kwa lugha ya mitaani. Bibi yetu wa Lamu na mjukuu wake wanafanya kazi ile ile. Binti anasoma maandishi ya Kiingereza, anayageuza kwa Kiswahili cha nyumbani, na bibi anatia sherehe juu yake.

Usiku wa pili tulitazama nyingine, iitwayo Hotel del Luna, ya mwaka 2019. Katikati ya jiji la Seoul ipo hoteli ambayo wageni wake ni wafu. Kila aliyekufa na jambo limemkwama rohoni hufikia hapo, mpaka jambo lake litatuliwe, ndipo avuke. Mwenye hoteli ni mwanamke mwenye kiburi na hasira, mpenda mavazi ya fahari, aliyefungwa pale kwa zaidi ya miaka elfu moja kwa sababu ya kosa lake la kale.

Tulikuwa tunatazama mgeni mmoja wa hoteli ile akilia juu ya jambo aliloliacha duniani, ndipo binti akaisimamisha picha. Hakugeuka kututazama. Akauliza kwa sauti ndogo: "Ami, na baba je? Kuna lililomkwama?"

Bibi akanyamaza. Mama yake, aliyekuwa jikoni akijifanya hasikii, akaacha kuosha vyombo.

Hapo ndipo tulipofahamu. Mtoto huyu hakuwa akitafuta mizuka. Alikuwa akimtafuta babake. Mwaka mzima watu wazima walimwambia "subiri, mwanangu" kisha wakabadilisha mazungumzo, na hadithi kutoka Korea ndiyo pekee iliyokubali kuketi naye na kuzungumza juu ya mauti. Lau tungetoa hotuba yetu usiku wa kwanza, suali lile lingebaki kifuani mwake.

Tulimjibu hivi. Roho ni amri ya Mola wetu, na ilimu tuliyopewa juu yake ni chache, kama inavyotufunza Suratul Israa. Anayezitwaa roho ni Malaika wa Mauti, naye ametajwa katika Suratus Sajda. Ni mja mtiifu wa Allah, hasahau jina lake wala hakosei anuani. Hata hilo jina la Izraili tulilolizoea halimo ndani ya Qur'ani. Aliyekufa haendi hotelini wala hazururi mitaani. Yuko barzakh, na kati yake nasi pana kizuizi mpaka siku ya kufufuliwa. Majini wapo, tunaamini bila shaka, wameumbwa kwa moto na miongoni mwao wamo Waislamu na makafiri, lakini jini si mtu aliyekufa. Na ile itikadi ya kwamba mtu hufa akazaliwa tena kwa mwili mwingine, ambayo wanavyuoni huiita tanasukhi, ni ya dini nyingine, nasi hatuna sehemu ndani yake. Mwanadamu huishi mara moja, akahesabiwa.

"Lakini," tukamwambia, "suali lako ni suali la haki. Maiti huweza kuwa na jambo lililomkwama." Tukamsimulia habari ya yule maiti aliyeletwa kwa Mtume, rehema na amani zimshukie. Alikuwa na deni la dinari tatu na hakuacha cha kulilipa. Mtume hakumswalia, akawaambia sahaba zake wamswalie wao, mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile shingoni mwake, ndipo akamswalia. Tukamkumbusha kwamba mirathi haigawanywi ila baada ya kutekeleza wasia na kulipa deni, na kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani nzima, katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni.

Mjane akatoka jikoni akifuta mikono kwa leso. "Shemeji, liko daftari," akasema. "Liko ndani ya sanduku lake. Sikuwa na moyo wa kulifungua."

Lilifunguliwa usiku ule ule, kwenye mkeka, mbele ya picha iliyosimamishwa. Mwandiko wa marehemu ulikuwa mzuri. Wako waliodaiwa naye, na wako waliomdai. Mkubwa wao alikuwa mfanyabiashara aliyempa chupa za mafuta kwa mkopo, shilingi elfu kumi na nane na mia nne. Asubuhi tulipanda matatu hadi mjini, binti, mama yake nasi, tukamkuta dukani kwake karibu na River Road. Alipolitambua jina, aliinamisha kichwa. Akasema aliona haya kumdai mjane, na kila mwezi alijiambia atakwenda, asiende. Alizichukua fedha, akazihesabu, kwa kuwa naye ana watoto. Kisha akatoa daftari lake, akakata mstari juu ya jina la marehemu, akamwonyesha binti. "Babako hana deni kwangu," akamwambia. "Na kuchelewa nimemsamehe."

Njiani kurudi, binti alitazama nje ya dirisha la matatu mpaka tulipopita Hurlingham. Kisha akauliza kama inajuzu kumtolea babake sadaka kila Ijumaa, hata kama ni shilingi kumi. Tulimwambia inajuzu, na inamfikia inshaallah.

Ndugu wasomaji, hatusemi kwamba tamthilia ni mwalimu wa dini. Tumeona pia yasiyofaa. Pombe humiminwa karibu kila sehemu. Wapiga ramli na waganga huonyeshwa kana kwamba wana ilimu ya ghaibu, na sisi tunajua onyo lililokuja juu ya kumwendea mpiga ramli, kwamba swala za siku arubaini hazikubaliwi. Yako mapenzi yasiyostahili kutazamwa mbele ya wazazi, wala nyuma yao. Na upo wizi wa wakati. Hadithi moja ina sehemu kumi na sita, na kila sehemu huzidi saa nzima. Kijana anayeambiwa "moja tu nyingine" huamka jua limekwisha chomoza na alfajiri imempita. Hilo ni kubwa kuliko mizuka yote ya Seoul.

Kwa hivyo tulikubaliana na familia ile juu ya mambo machache, nayo tunawanasihi wazazi wote. Swala itangulie, na masomo ya shule yatangulie. Usiku wa shule hapatazamwi kitu. Mtoto asitazame peke yake chini ya shuka na simu, bali sebuleni, na mtu mzima awepo. Panapoonyeshwa la haramu, papitishwe mbele bila mjadala. Na kila sehemu ikiisha, mzazi aulize: "Umeona nini, na sisi tunaamini nini?" Suali hili moja lina manufaa kuliko makatazo kumi, kwa sababu mtoto aliyekatazwa bila kuelezwa hutazama kwa jirani, na huko hana wa kumfasiria.

Kwa wale wenye uwezo wa kuandika, tunaongeza ombi. Wakorea wamezichukua ngano za bibi zao, wakazivisha suti, na dunia nzima inazitazama, mpaka Kawangware. Ngano zetu za pwani ziko wapi? Bibi yule wa Lamu anazo za kutosha kujaza misimu mitano, zenye adabu na zenye mafunzo, na hakuna aliyemjia na kalamu.

Tulipoaga, zilikuwa zimesalia sehemu nne. Bibi alitusindikiza hadi mlangoni, akatwambia tusichelewe kurudi, kwani anataka kujua kama yule mwanamke wa hoteli atasamehewa. Tulimwambia msamaha uko kwa Allah. "Najua," akajibu, "lakini nataka kuona."

Allah awarehemu waliotutangulia, awalipie madeni yao, na atupe sisi macho ya kuwaona watoto wetu kabla ya kuwahukumu. Wallahu aalam.

Wabillahi tawfiq.