Azimio la Uhuru na Watumwa

Zamani makoloni 13 ya Marekani yalitawaliwa na Uingereza. Watu wake walitozwa kodi na bunge la Uingereza, lakini hawakuwa na mjumbe humo. Tarehe 4 Julai, 1776 wakatoa Azimio la Uhuru. Thomas Jefferson ndiye aliyeliandika, wenzake wakalisahihisha. Lilisema kwamba watu wote wameumbwa sawa. Lakini Jefferson mwenyewe alikuwa na watumwa.

Mwaka 1787 Katiba iliandikwa mjini Philadelphia. Katika kugawa viti vya bunge, watumwa 5 walihesabiwa kama watu 3.

Frederick Douglass alizaliwa mtumwa. Mke wa bwana wake alianza kumfundisha kusoma. Bwana akakataza. Douglass akajifunza kwa siri. Mwaka 1838 alitoroka. Akaandika na kuhutubia, akiwakumbusha Wamarekani maneno ya Azimio lao. Mwaka 1865, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Katiba ilirekebishwa ili kuondoa utumwa.

Maneno mazuri hayatoshi. Ni lazima watu wayasome na kudai yatekelezwe.

Maswali
1. Azimio lilisema nini?
2. Kwa nini bwana alikataza Douglass asifundishwe kusoma?