"Kama" ni neno dogo lenye mambo makubwa

Katika kuuziana viwanja hakuna neno dogo lenye nguvu kushinda "kama". "Nitakuuzia kama benki itakupa mkopo." Mnapeana mikono, arubuni inalipwa, kila mmoja anaondoka akiamini mambo yamekwisha. Bado.

Kwa Tanzania Bara jambo hili limo katika Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961, iliyofuata kwa karibu sheria ya India ya mwaka 1872. Mkataba unaotegemea tukio lisilo na hakika hauwezi kudaiwa mahakamani mpaka tukio hilo litokee.

Tuseme Bibi Asha amempa Bwana Juma arubuni ya shilingi milioni 2, na salio litoke benki. Benki ikikubali, sharti limetimia: Juma anawajibika kuuza, Asha kulipa. Hata akija tajiri mwenye bei nono, Juma hana ruhusa ya kumgeuka Asha. Benki ikikataa kabisa, mkataba unakufa bila ya mtu kuuvunja, na kwa kawaida aliyepokea fedha hupaswa kuzirudisha. Ila kama waliandikiana kwamba arubuni hairudi, hapo wamejitafutia kesi.

Muda nao ni muhimu. Wakiandika "kabla ya tarehe 30 Juni", siku hiyo ikipita bila mkopo, kila mtu yuko huru. Wasipoandika, Asha atasema benki bado inafikiria, Juma atasema amechoka kungoja.

Lipo pia sharti la namna nyingine, ambalo halifungui haki bali huweza kuifunga. Tazama hati ya kiwanja. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, haki ya kumiliki ardhi hutolewa kwa muda usiozidi miaka 99, pamoja na masharti kama kuendeleza eneo na kulipa kodi ya ardhi. Haki unayo tayari, lakini ukivunja masharti na kupuuza ilani, Rais anaweza kuifuta. Kwa hiyo Asha asiridhike na mkopo peke yake. Aulize pia kama Juma ametimiza masharti ya hati yake.

Kabla ya kutia sahihi, basi, uliza: sharti ni lipi, mwisho wake lini, na lisipotimia fedha zangu zitakuwa za nani? Majibu yaandikwe. Maneno ya mdomo husahaulika mapema kuliko deni.