Mikono Ikae Wapi Juu ya Usukani?

Katika shule nyingi za udereva usukani hufananishwa na uso wa saa. Kwa miaka mingi mwanafunzi alifundishwa kuweka mkono wa kushoto kwenye tarakimu 10 na wa kulia kwenye tarakimu 2. Fundisho hilo lilitoka ugenini, na kwa Mswahili lina mtego wake: anaposema saa kumi, mshale mfupi huelekea tarakimu 4, na anaposema saa mbili huelekea 8. Mwanafunzi anayefuata saa yake mwenyewe angeshika sehemu ya chini ya usukani, ilhali mwalimu amekusudia ya juu. Kwa bahati njema, mkao unaopendekezwa siku hizi hauna utata huo. Ni wa tarakimu 9 na 3, na saa tatu na saa tisa, kwa hesabu yoyote ile, huangukia pande zilezile mbili: ubavu wa kushoto na ubavu wa kulia wa usukani.

Mkao wa zamani haukuwa upuuzi. Usukani wa magari ya kale ulikuwa mpana na mzito, bila mfumo wa pawa, na dereva alilazimika kuuvuta kutoka juu kwa nguvu za mabega. Kilichobadilika ni usukani wenyewe. Katikati yake, penye honi, sasa pamekunjwa mfuko wa hewa, ambao mafundi huuita eabegi. Gari lenye mfuko huo huwa na herufi SRS kwenye kifuniko.

Gari linapogonga kitu kwa nguvu upande wa mbele, kihisi huwasha kemikali, na gesi inayozalishwa huujaza mfuko kwa muda mfupi kuliko wa kupepesa jicho. Kifuniko hupasuka, na mfuko hutoka kwa kasi inayoweza kuzidi kilomita 200 kwa saa. Umetengenezwa ukipokee kifua na kichwa cha dereva aliyefunga mkanda. Mkono uliotangulia mbele yake haukukusudiwa. Kigasha kilicholala juu ya kifuniko, kama inavyokuwa dereva akikata kona kwa mkono mmoja au akipiga honi wakati uleule wa kugonga, hupokea pigo lote. Ndipo hutokea kuvunjika kwa mifupa ya kigasha na kuumia kwa kidole gumba. Mikono iliyo juu ya usukani huweza kurushwa usoni pamoja na saa na pete zake, ikajeruhi pua, meno au macho. Iliyo ubavuni husukumwa kando, na mfuko hupata njia.

Haya yasimfanye mtu auzime mfuko wa hewa. Mfuko huo pamoja na mkanda umeokoa maisha ya wengi, na mkono uliovunjika hutibika kwa urahisi kuliko kifua kilichopondwa na usukani.

Umbali nao una sehemu yake. Kati ya mfupa wa kidari na katikati ya usukani pawe na angalau sentimita 25. Dereva mfupi, ambaye hulazimika kusogea mbele ili afikie pedali, anaweza kulaza kidogo mgongo wa kiti, na kuinua kiti kama hapo haoni barabara vizuri. Mama mjamzito arudishe kiti nyuma kadiri miguu inavyoruhusu, usukani uelekezwe kifuani badala ya tumboni, na mkanda wa chini upite chini ya tumbo, juu ya nyonga. Katika kukata kona, mkono mmoja usukume usukani huku mwingine ukivuta, kila mmoja ukibaki upande wake, ili mikono isipishane juu ya kifuniko. Na kwenye barabara ya mashimo na mawe, vidole gumba vilazwe juu ya duara la usukani badala ya kulizingira kwa ndani, kwa maana gurudumu likigonga jiwe usukani huweza kuzunguka ghafla na kukivunja kidole.

Lakini kwa maoni yangu, tabia inayostahili kukemewa zaidi katika barabara zetu ni kutoa kiwiko dirishani. Tanzania na Kenya magari huendeshwa upande wa kushoto na dereva hukaa kulia, kwa hiyo kiwiko hicho huelekea moja kwa moja kwenye magari yanayokuja. Gari likipitana na lori kwa karibu, au likipinduka, kiwiko huvunjika vipandevipande: mfupa wa juu ya kiwiko na mifupa ya kigasha kwa pamoja, mara nyingi na kidonda wazi, na neva au mishipa ya damu ikiwa imekatika. Majeraha ya namna hii huhitaji upasuaji zaidi ya mmoja, na wengine hupoteza mkono. Hakuna mfuko wa hewa unaosaidia hapo. Abiria wa daladala anayeegemeza mkono dirishani yumo katika hatari hiyohiyo.

Kwa wahudumu wa afya, majeruhi aliyetoka kwenye gari ambalo mfuko wake umefumuka ana mambo mawili yanayosahaulika kwa urahisi. La kwanza ni macho. Mabaki ya gesi huwa na alkali, nayo huunguza ngozi ya mikono na zaidi sana jicho. Macho yanayowasha au kuona ukungu yasafishwe mara moja kwa maji safi mengi, kwa nusu saa hivi, kabla ya uchunguzi mrefu. Penye karatasi ya litmasi, ipimwe kama alkali imekwisha, na mgonjwa apelekwe kwa mtaalamu wa macho.

La pili ni kifundo cha mkono. Muulize mgonjwa mikono yake ilikuwa wapi wakati wa ajali, kisha bonyeza kibonde kidogo kilicho chini ya kidole gumba, upande wa mgongo wa mkono. Akiumia hapo, huenda mfupa mdogo uitwao skafoidi umevunjika, hata kama picha ya kwanza ya eksirei haionyeshi kitu. Mfungie plasta au kigango, kidole gumba kikiwa ndani, umrudishe kwa picha nyingine baada ya siku 10 hadi 14. Akiruhusiwa kwenda na dawa ya maumivu pekee, sehemu ya mfupa huo inaweza kukosa damu na kufa, na dereva akaja miezi kadhaa baadaye hawezi kushika usukani.