Kijana apewe riwaya gani baada ya kitabu cha mtihani?

MWANAFUNZI wa kidato cha tatu katika shule ya kutwa eneo la Ekalakala, Kaunti ya Machakos, ana hakika ya kusoma riwaya moja ya Kiswahili kabla ya kumaliza shule. Hiyo ni riwaya teule ya mtihani wa KCSE. Ataisoma sura kwa sura, atakariri majina ya wahusika, ataorodhesha maudhui na tamathali, kisha ataifunga siku ya Karatasi ya Tatu na aghalabu hataifungua tena.

Hapo ndipo penye hasara. Kijana aliyesoma riwaya moja tu, tena kwa hofu ya maswali, huondoka shuleni akiamini kwamba riwaya ni kazi ya mtihani. Hatambui kuwa katika lugha iyo hiyo kuna hadithi za upelelezi, safari, mapenzi, historia na maajabu ambazo zingemkesha bila kusukumwa na mwalimu.

Ekalakala ni kituo cha biashara katika eneo la Masinga, nyanda kavu zilizo upande wa bwawa la Masinga katika Mto Tana. Lugha ya nyumbani kwa wengi ni Kikamba. Kiswahili hukutwa sokoni, redioni na darasani. Mzazi anayetaka duka lenye vitabu vingi mara nyingi hulazimika kufika Matuu, Thika au Machakos mjini. Nauli ikiongezwa juu ya bei ya kitabu, ambacho tangu mwaka wa 2013 hutozwa kodi ya VAT, mzazi huyo hana nafasi ya kubahatisha. Akinunua riwaya moja kwa muhula, sharti iwe ile itakayosomwa hadi ukurasa wa mwisho.

Makala haya yanapendekeza riwaya kwa kufuata aina zake, na kueleza kila moja inamfaa kijana wa namna gani.

Safari na kutafuta asili

Kwa kijana ambaye hajawahi kumaliza riwaya kwa hiari, mlango mpana zaidi ni Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka wa 1996. Msimulizi wake, Kongowea Mswahili, ni mtoto wa Tanga aliyelelewa na mama mwimbaji wa taarabu, bila kumjua baba. Mama anapofariki, kijana huyo anaishia kufunga safari ya kuvuka mpaka kuja Kenya kumtafuta mzazi aliyebaki.

Siri ya mvuto wa kitabu hiki ni nafsi ya kwanza. Kongowea anazungumza na msomaji kama rika lake, na swali linalomsukuma, "mimi ni mtoto wa nani?", halihitaji ufafanuzi kwa barobaro wa miaka 14. Aidha lugha yake ina misemo tele lakini sentensi hazimchoshi msomaji.

Kwa aliye mdogo zaidi, mathalan wa Gredi ya 7 au ya 8, mwandishi huyo huyo ana Ndoto ya Amerika, hadithi fupi ya mvulana anayevutwa na tamaa ya kufika Marekani. Ni kitabu chembamba kinachoweza kumalizwa kwa wikendi mbili. Walibora, aliyekuwa pia mwanahabari na mhadhiri, alifariki Nairobi mnamo Aprili 2020.

Upelelezi

Wapo vijana, hasa wavulana, wanaodai kuwa hawapendi hadithi "za kufundisha". Hao wapelekwe kwa Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Riwaya yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilipata tuzo ya kwanza katika shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957/58, ikachapishwa mwaka wa 1960. Maiti inaonekana mahali pa matambiko, na jirani wanaogopa kusema lolote. Bwana Msa, mpelelezi asiye askari, anawasha kiko chake na kuanza kuuliza maswali madogo madogo ambayo wengine hawakuyafikiria.

Msomaji anafunzwa kitu hapa bila kuhubiriwa. Wanakijiji wanatafuta majibu kwa mizimu. Bwana Msa anayatafuta katika nyayo, saa na maneno yanayopingana. Kijana anayeishi mahali ambapo bado husikika minong'ono ya uchawi kila linapotokea jambo zito ataelewa uzito wa tofauti hiyo.

Tahadhari ni moja. Kiswahili cha Abdulla ni cha Unguja, chenye maneno yasiyosikika Ukambani. Mwanafunzi asiwe na haraka ya kukimbilia kamusi kila mstari. Asome kwa kuzingatia kisa, kwani neno gumu likirudi mara ya tatu aghalabu hujieleza lenyewe. Akimaliza, aendelee na Kisima cha Giningi (1968) na Siri ya Sifuri (1974), ambamo Bwana Msa yuyo huyo anarejea.

Maajabu na dunia za kubuni

Vijana wengi hutazama filamu za viumbe na sayari nyingine wakidhani Kiswahili hakina hadithi za aina hiyo. Kinazo. Shaaban Robert aliandika Adili na Nduguze mwaka wa 1952, ambamo liwali mwema anawapiga nyani wawili kila usiku huku akilia kwa huruma. Nyani hao ni akina nani, na kwa nini mtu mpole afanye ukatili asioutaka? Fumbo hilo peke yake linatosha kumvuta msomaji hadi mwisho. Kitabu ni kifupi, nacho chafaa kusomwa kwa sauti darasani.

Kusadikika, ya 1951, inataka ukomavu zaidi. Karama anashtakiwa katika nchi iliyo angani kwa kosa la kufundisha watu elimu ya sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote za ulimwengu na kuambulia jela waliporudi na mawazo mapya. Kijana wa kidato cha tatu au cha nne atatambua kuwa nchi hiyo ya hewani haiko mbali sana na nchi za ardhini.

Karibu zaidi na hadithi za kisayansi ni Walenisi ya Katama Mkangi, iliyochapishwa mwaka wa 1995. Dzombo anahukumiwa kifo na kufungiwa katika chombo cha angani, lakini badala ya kufa anafika kwenye sayari ambayo watu wake wanaishi kwa usawa. Jina lenyewe ni fumbo: wale ni sisi. Mkangi, aliyewahi kuwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka katika miaka ya 1980, aliandika akijua bei ya kuwaza kwa uhuru.

Maisha ya familia na jamii

Riwaya za aina hii ndizo zinazotahiniwa sana. Kidagaa Kimemwozea ya Walibora ilitahiniwa kuanzia 2013 hadi 2017, na Chozi la Heri ya Assumpta Matei ikaanza kutahiniwa mwaka wa 2018. Kwa kuwa zimetoka kwenye mtihani, nakala zake zingalipo nyingi majumbani na katika kabati za shule, mara nyingi zikiwa zimepigwa vumbi. Hiyo ni neema kwa msomaji asiye na fedha.

Chozi la Heri inagusa machafuko ya baada ya uchaguzi, ukimbizi wa ndani na watoto waliotenganishwa. Kisa cha Umu na nduguze wadogo, walioachwa na mzazi na kupotezana, kinaweza kumliza msomaji asiyekuwa na habari kuwa kuna swali la alama 20 linalomsubiri. Mwalimu akikitoa kitabu hiki leo, akitoe bila mwongozo wa majibu. Mwongozo huo humnyima kijana haki ya kushangaa.

Historia na mapenzi

Vijana wa kidato cha nne na waliomaliza shule wako tayari kwa Adam Shafi. Kuli (1979) inasimulia maisha ya wachukuzi wa bandari ya Unguja hadi mgomo wa 1948. Vuta n'kuvute (1999) ina Yasmin, msichana wa asili ya Kihindi aliyeozwa mume mzee, anayekuja kumpenda Denge, mpigania uhuru. Riwaya hii iligeuzwa filamu na mwelekezi Amil Shivji mwaka wa 2021. Kijana aliyeitazama filamu hiyo ataongozwa na udadisi kutafuta kitabu.

Vitabu vya kusubiri

Si kila riwaya nzuri ni ya kila umri. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) iliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania kabla ya kukubaliwa baadaye. Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) inamfuata Maimuna kutoka kifungo cha nyumba ya baba hadi maisha ya ukahaba. Zote mbili zinaeleza kwa ukweli jinsi ukali wa mzazi unavyoweza kumpotosha mtoto aliyekusudiwa kulindwa.

Mzazi asizifiche, bali azisome kwanza. Msichana wa miaka 16 au 17 akizisoma akiwa na mtu mzima wa kujadiliana naye atafaidika kuliko yule anayezipokea kwa siri kutoka kwa rafiki. Mtoto wa Gredi ya 7, hata hivyo, asubiri.

Namna ya kuzipata

Katika mtaala mpya, wanafunzi wa Gredi ya 7 hadi ya 9 wana kipengele cha kusoma kwa mapana katika somo la Kiswahili, ambapo mwanafunzi hujichagulia matini. Kipengele hicho hakina maana iwapo hakuna cha kuchagua. Katiba ya 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti jukumu la maktaba, kwa hivyo wakazi wa Masinga wana haki ya kuuliza swali hili katika vikao vya bajeti kama wanavyouliza kuhusu maji na barabara.

Wakati jibu likisubiriwa, kuna njia nyepesi. Wazazi watano wakinunua kila mmoja riwaya tofauti na kuzungusha, watoto wao watasoma riwaya tano kwa bei ya moja. Shule nayo inaweza kutoa riwaya za mitihani iliyopita kwenye kabati na kuwaazima wanafunzi wakati wa likizo, kwa daftari na sahihi tu.

Muhimu zaidi, kijana aruhusiwe kukiacha kitabu kisichomvutia baada ya kurasa 30 na kuchukua kingine. Mtihani hauna ruhusa hiyo, na ndiyo sababu mtihani peke yake haujawahi kumfanya mtu kuwa msomaji.