Fahamu Gari Lako: Springi za Breki ya Mkono katika Land Rover za Zamani

Land Rover za zamani zingali kazini katika kaunti yetu. Zinabeba mbolea na mifugo, na kufika pale ambapo gari dogo halithubutu. Nyingi huegeshwa kwenye miteremko, na usalama wa walio chini yake hutegemea breki ya mkono. Ndani ya breki hiyo mna springi mbili ndogo ambazo wenye magari wengi hawajawahi kuziona.

Breki hii ni tofauti

Katika Land Rover za Series, zilizoanza kuundwa mwaka 1948, na Defender, zilizokoma kuundwa mwaka 2016, breki ya mkono haikamati magurudumu moja kwa moja. Ina ngoma yake nyuma ya giaboksi, na hushika shafti inayokwenda kwenye ekseli ya nyuma. Kwa hivyo usiivute gari likiwa mwendoni, kwani unaweza kuvunja shafti au gia. Vilevile, ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, gari linaweza kubingirika hata kama breki imevutwa, kwa sababu difu huliacha gurudumu lililo hewani lizunguke.

Dalili za springi mbovu

Ukivuta breki, viatu viwili hutanuka na kubana ngoma. Ukiachilia, springi huvirudisha. Springi zikilegea au kukatika, viatu huendelea kugusa ngoma. Utasikia harufu ya kuungua, gari litakuwa zito na mafuta yataisha haraka. Joto hilo huharibu sili ya giaboksi, oili huvujia kwenye viatu, na hatimaye breki haishiki kabisa.

Hatua za kubadilisha

1. Egesha mahali tambarare na uweke kabari mbele na nyuma ya magurudumu. Acha injini na ngoma zipoe.
2. Achilia breki ya mkono, kisha ulegeze skrubu ya kurekebishia.
3. Tia alama kwenye shafti na ngoma ili zirudi zilivyokuwa. Fungua nati 4, sogeza shafti, utoe ngoma.
4. Usipulize vumbi. Viatu vya zamani huenda vina asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Vaa barakoa na ufute kwa kitambaa chenye maji.
5. Piga picha kwa simu kabla ya kutoa springi. Badilisha zote mbili kwa pamoja. Viatu vilivyolowa oili vibadilishwe pia, na sili irekebishwe kwanza.
6. Rudisha kila kitu. Kaza skrubu hadi ngoma ishikwe, kisha uilegeze kidogo hadi izunguke bila kukwaruza.
7. Kabla ya kutoa kabari, hakikisha wenzo unashika vizuri. Kisha jaribu kwenye mteremko mdogo, dereva akiwa ndani na bila mtu yeyote mbele au nyuma.

Kama huna uzoefu, mpelekee fundi anayeyafahamu magari haya, na umwombe akuonyeshe springi zilizotolewa. Madereva wa magari ya kaunti wanakumbushwa kuripoti breki dhaifu siku hiyo hiyo. Jiwe chini ya gurudumu si matengenezo. Siku utakapolisahau, gari litashuka lenyewe.