Kocha mpya asikupandishie presha

Novemba 2024 Yanga ilimtimua Miguel Gamondi, ikamleta Sead Ramovic. Februari 2025 naye akaondoka. Habari kama hizo huwasha ubishi vijiweni, hata kule Ndandalo, Kyela. Ubishi ni raha ya soka, ila hasira huamsha homoni ya adrenalini: moyo hudunda kasi, mishipa hubana, presha hupanda. Utafiti uliofanyika Munich wakati wa Kombe la Dunia 2006 ulionyesha dharura za moyo ziliongezeka zaidi ya mara mbili siku za mechi za Ujerumani. Shabiki, pima presha. Ikifika 140/90 mara kwa mara, muone daktari. Unayetumia dawa, usiruke dozi. Kifua kikibana na jasho jembamba likikutoka, acha ubishi, wahi hospitali.